Nimenunua amplifaya ya Japani imeandikwa 100V, niiwasheje? Na nyie mmenunua nini?

Sauti_ya_Temeke

Habari za jioni wakuu, wale wa vitu used tukutane hapa. Jumamosi nilikuwa Kariakoo kwa jamaa wanaofungua mizigo ya Japani nikaikuta Sansui AU-α607 imelaliwa na majiko ya maikrowevu, vumbi tupu, lakini uso haujachubuka na nobu zote zipo, ile ya volyumu ukiizungusha inakwenda kwa uzito wake haichezi chezi. Kuinyanyua tu nikajua hapa ndani kuna transfoma ya ukweli. Alianza 250,000 tukamalizana 180,000, na juu yake nikaongeza elfu 30 nikapewa tyuna ya redio, ya Japani pia.

Sasa nyuma imeandikwa AC 100V 50/60Hz. Muuzaji ananiambia chomeka tu boss hizi zinavumilia, mimi sijachomeka. Umeme wa kwangu usiku tester inasoma mpaka 238. Jirani ana transfoma ya 220 kwenda 110, zile watu wanatumia kwa blenda zilizotoka Marekani, anasema niichukue hata kesho. Itafaa au naua mashine? Nataka hii kitu iishi, nimeitafuta muda mrefu.

Na nyie mmeokota nini mwezi huu? Wekeni tuone, kompyuta, spika, chochote.

fundi_waya

Hongera mkuu, hiyo ni amplifaya haswa. Na umefanya la maana kutochomeka. Ukiipa 230 moja kwa moja, ukibahatika inakata fyuzi, ukikosa bahati transfoma inaungua, na kuipata nyingine kama hiyo hapa bongo usahau.

Ya jirani achana nayo. 220 kwenda 110 maana yake inagawa kwa mbili basi, haijui unataka ngapi. Kwako ikiingia 238 inatoka 119, na mashine imetengenezwa kwa 100, yaani umeizidishia karibu asilimia 20. Itawaka, itapiga mziki, utasema mbona poa tu, kumbe transfoma inachemka kuliko inavyotakiwa na kapasita kubwa za pawa zinapewa volti zaidi ya ile ziliyozoea, na hizo kapasita zina umri wa mtu mwenye watoto. Zitakufa kabla ya siku zake.

Nenda kwa mafundi wa kusuka mota na transfoma pale mtaa wa Gerezani, mwambie akusukie ya 240 kwenda 100, yenye uwezo wa VA 500 kwenda juu. Sisitiza waya za upande wa kuingia na wa kutoka zitenganishwe kabisa, kuna wanaosuka koili moja wakatoa waya katikati, hiyo ni rahisi lakini siku waya wa pamoja ukikatika 240 yote inakwenda kwenye mashine yako. Hertz usiwaze, Japani wenyewe upande wa Tokyo wanatumia 50 na Osaka 60 ndio maana imeandikwa zote mbili.

Mara ya kwanza kuwasha, pitishia umeme kwenye globu ya nyuzi ya wati 100, zile za zamani sio LED, ifungwe kwa mfululizo na waya mmoja wa umeme. Globu ikimulika kidogo halafu ikafifia, salama. Ikikaa inawaka kwa nguvu, zima, ndani kuna shoti. Na usifunge spika kabla hujapima DC kwenye matundu ya spika, chini ya milivolti 50 lala usingizi, ikizidi 100 ilete kwa fundi kwanza maana hiyo ndiyo inayounguza koili za spika za watu.

mie_wa_Ngambo

Assalaam aleikum. Mie niko Unguja, nimepata deki ya kaseti ya Technics ya vichwa vitatu kwa muuza vitu vilotoka Uingereza, kwa hiyo umeme wake ni 240 sina tabu kama yenu. Aliniuzia kwa bei ya chuma kwa sababu haizunguki. Kuifungua, mpira wa kuzungushia umeyeyuka umekuwa kama lami, umeganda kwenye magurudumu yote. Nimekaa nao jioni nzima kwa spiriti na pamba za masikio mpaka ukatoka wote, ukibaki kidogo tu kasi inayumba na sauti inatetema. Mpira mpya nimetiliwa na fundi wa Darajani, wa kukatia kwa kipimo, na sasa inazunguka.

Nlikuwa naitafuta kwa ajili ya kaseti za mama. Ana sanduku zima la taarab, na nyingi si za dukani, ni za harusi, mtu aliweka rekoda pembeni ya jukwaa akarikodi usiku kucha, unasikia na watu wanakwenda kutunza. Hizo hazipo pahala pengine duniani, kaseti ikioza ndo basi. Nazihamishia kwenye kompyuta sasa.

Kwa mwenye kutaka kufanya hivi: laptopu nyingi tundu lake ni la maiki tu na ni mono, nunueni kile kidude cha USB cha kuingizia sauti, mie natumia Behringer UCA202, deki inaingia pale na programu ya Audacity inarikodi. Hifadhini kwa WAV au FLAC zisizopunguza sauti, MP3 mtatengeneza baadae mkitaka za kutumiana. Na kabla hujarikodi rekebisha skrubu ndogo ya pembeni ya kichwa cha kusomea kaseti, kwa kila kaseti, taratibu sana huku unasikiliza, kwa sababu rekoda ilorikodi kichwa chake hakikuwa kimekaa sawa na chako. Kuna kaseti moja ganuni, kile chombo cha nyuzi, ilikuwa haisikiki kabisa, robo mzunguko tu wa skrubu ikafunguka, mama alikuwa jikoni akatoka kuja kuuliza nimeweka nini.

Luthuli_mpaka_usiku

@mie_wa_Ngambo hiyo kazi ni ya maana sana, tafadhali weka kopi kwa disk mbili tofauti usiwache kwa moja.

Mimi niko Nairobi, yangu ni laptopu ya ThinkPad T480, ex-UK, elfu ishirini na saba. Watu wanaigombania saa hii tangu Windows 10 isimamishwe kupewa apdeti Oktoba 2025, kwa sababu T480 nyingi ziko na prosesa ya jenereshoni ya 8 na Windows 11 inaikubali, T470 inafanana nayo sana na wengi wake ni ya 7, haikubaliwi. Kwa hivyo usiamini stika, ingia kwa BIOS, ile menyu ya kabla ya Windows kuwaka, usome prosesa ni gani. Ukiwa huko huko jaribu kubadilisha kitu, ikikuuliza pasiwedi ya supavaiza rudisha mashine hapo hapo dukani. Hiyo haitoki kwa kutoa betri ndogo ya ubao, hizi ThinkPad zinaiweka kwa chip yake. Halafu iunganishe na intaneti wakati wa kuinstall, kuna zenye ziliachwa kwa akaunti ya kampuni, zinakuomba email ya kazi ya mtu humjui.

Betri andika powercfg /batteryreport kwa Command Prompt, inakupa uwezo iliyotoka nao kiwandani na ule imebaki nao. T480 iko na mbili, ya ndani na ya nje, angalia zote. Yangu ya nje imechoka lakini hiyo unachomoa unaweka mpya bila hata kuzima.

Kuhusu tyuna, mkuu wa Temeke, FM ya Japani inaanzia 76, na za zamani zinaishia 90. Ni ile shida ya redio za magari ya Japani. Stesheni zote za juu ya 90 hutapata, na kile kidude cha gari cha kushushia masafa ya FM kinatumia volti 12 kwa hivyo itabidi ukitafutie chaja yake.

Sauti_ya_Temeke

Wakuu nimerudi. Gerezani nimesukiwa, koili mbili tofauti nimeziona kwa macho kabla hajafunga, elfu 65. Umeme ukiwa 238 inatoa 99. Globu ilimulika ikafifia, baada ya sekunde chache nikasikia rilei, ile swichi ya ndani inayounganisha spika, "tak", nikapima kushoto milivolti 12 kulia 19. Ndipo nikafunga spika. Jamani besi ya hii mashine, sijaigusa tone hata moja na imejaa chumba.

Ila upande wa kushoto unakwaruza nikizungusha volyumu, na kuna wakati unapotea kabisa.

fundi_waya

Huo ni uchafu kwenye volyumu na swichi ya kuchagulia, umekaa miaka haujazungushwa. Chomoa umeme, subiri kapasita ziishe chaji, tia kontakt klina ile ya vifaa vya umeme, sio WD-40 ya kawaida, kisha zungusha kila nobu mwanzo mpaka mwisho mara nyingi. Ikikauka washa. Ikiendelea kupotea fungua rilei uangalie ncha zake, zikiwa nyeusi badilisha rilei nzima, usizisugue na msasa.