Naomba ushauri: mwanangu anakwenda Mombasa kufanyiwa tathmini ya nurosaikolojia

MamaWaLangoni:
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Naandika kutoka mtaa wa Langoni, Lamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, amerudia darasa na bado kusoma kunamshinda, na mwalimu wake amenishauri nimpeleke Mombasa akafanyiwe tathmini hiyo ya namna ubongo wake unavyofanya kazi. Nikimtuma dukani chumvi, kiberiti na sukari, hurudi na chumvi peke yake, akasimama mlangoni akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesahau. Miadi ni Jumanne ijayo. Nataka kujua mambo mawili tu: je, watamdunga sindano au kumwingiza katika mashine? Na akishindwa, shule itamkataa?

BintiMalindi:
Wa alaikum salaam, dada. Hakuna sindano wala mashine. Nilimsindikiza dada yangu alipompeleka bintiye. Mtaalamu alianza kwa kuzungumza na mama kwa kirefu: mimba ilikuwaje, mtoto alitembea na kusema lini, aliwahi kuugua nini. Kisha alikaa na mtoto mezani, akampa vibao vya rangi avipange kwa kufuata mchoro, akamtajia tarakimu azirudie kuanzia mwisho kuja mwanzo, akamsimulia kisa na kumuuliza tena baada ya nusu saa. Kazi hiyo huchukua saa nne au zaidi, na mara nyingi hugawanywa kwa siku mbili. Hakuna kufaulu wala kuanguka. Kinachotafutwa ni pale mtoto anapoweza na pale anapokwama, iwe ni kumbukumbu, umakini, lugha au kasi ya kufikiri. Sisi tulikosea jambo moja. Tulimwambia anakwenda kufanya mtihani, naye hakupata usingizi usiku kucha.

NahodhaMstaafu:
Mwanangu, watoto wa leo wameharibiwa na simu. Sisi tulikaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani tangu alfajiri, tukahifadhi kwa masikio na midomo, wala hakuna aliyepimwa ubongo. Mnyang'anye simu miezi mitatu, kisha utuambie.

MwalimuWaWitu:
Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa na mwanafunzi niliyemwadhibu muhula mzima kwa ukaidi, hadi mama yake alipokuja kunieleza kwamba masikio yanamtoka usaha tangu utotoni. Hakuwa mkaidi, hakuwa akinisikia, na jambo hilo bado linaniuma. Kwa hiyo, dada, kabla ya kuvuka kwenda bara, Mokowe, mpime macho na masikio, kwa maana asiyesikia vizuri ataonekana asiyeelewa.

Jambo la pili ni lugha. Mtoto anayesema "mato" badala ya "macho", na "ndia" badala ya "njia", hajakosea, amesema Kiamu, lahaja ya Lamu. Muulize mtaalamu atatumia lugha gani, na alama zake zinalinganishwa na watoto wa wapi. Toleo la Marekani la kipimo cha akili cha Wechsler, cha watoto wa miaka 6 hadi 16, lilipangwa kwa watoto wa huko, wastani ukiwa 100. Namba moja iliyotoka hapo isikubaliwe peke yake kuwa ndiyo akili ya mtoto wa Langoni.

Ama shule, ripoti ni yako. Omba uelezwe ana kwa ana kwa lugha unayoielewa, kisha utuletee walimu mapendekezo: akae mbele, apewe agizo moja moja, aongezewe muda.

MuuguziKilifi:
Dada yangu, BintiMalindi ametaja swali la maradhi nawe umelipita. Je, mtoto aliwahi kupata degedege? Nauliza kwa sababu huku Kilifi, ambako kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome kimekuwapo tangu 1989, imeonekana kwamba baadhi ya watoto walionusurika malaria ya ubongo hubaki na matatizo ya lugha, kumbukumbu au kifafa, hata kama walitoka hospitalini wakitembea wenyewe.

MamaWaLangoni:
Ndiyo. Alikuwa na miaka mitatu, akalala siku mbili hajitambui. Bibi yake alisema ni nyuni, yule pepo wa ndege anayesemwa huwapagaa watoto. Baada ya hapo degedege zikaendelea hata bila homa, na sasa anatumia dawa ya kifafa asubuhi na jioni. Sikuandika kwa sababu jina hilo likishatajwa mtaani halitoki, na ana dada wawili ambao siku moja wataposwa. Tena nimeisimamisha dawa tangu Ijumaa, ili siku ya tathmini akili yake iwe nyepesi. Tafadhali msinilaumu, dawa ile humlevya.

MuuguziKilifi:
Sikulaumu, lakini kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege kali zisizokoma upesi. Mpigie daktari aliyeiandika leo hii, wala usijipangie mwenyewe namna ya kuirudisha. Mtaalamu anahitaji kumpima mtoto kama anavyoishi, pamoja na dawa yake, naye ataiandika katika ripoti. Huo usingizi unaouona ni habari muhimu. Huenda ndiyo itakayomfanya daktari abadilishe dawa au kiasi anachopewa.

MamaWaLangoni:
Lakini siku nne zimepita na hajaanguka. Jana alisoma mstari mzima bila kusinzia. Ningeirudisha Jumatano, baada tu ya tathmini.

Mdadisi:
Kwanza mwalimu, kisha malaria, kisha kifafa, kisha dawa iliyosimamishwa. Kila akiulizwa anazaa jambo jipya. Naamini kisa hiki kimetungwa, na karibuni tutatajiwa kliniki ya kwenda na bei yake.

BintiMalindi:
Ndugu Mdadisi, hakuna kliniki iliyotajwa. Dada yangu naye alificha degedege za bintiye hadi mtaalamu alipomuuliza mara ya tatu. Mama huficha kile anachokiogopa zaidi.

MamaWaLangoni:
Ndugu Mdadisi, kikopo cha dawa kiko juu ya kabati, nimekifunga kwa leso ili nisikione. Nimekifungua sasa hivi, nikavimwaga vidonge kitandani na kuvihesabu. Viko 26. Vilipaswa kuwa 18. Mtoto amenikuta akaniuliza kama amepona.

MuuguziKilifi:
Piga simu, dada. Tunasubiri.

MamaWaLangoni:
Nimepiga. Daktari hakunigombeza; amenieleza namna ya kuirudisha kuanzia jioni hii, na dalili ambazo nikiziona nimkimbize hospitali bila kungoja. Nimezungumza pia na mtaalamu wa Mombasa. Ameisogeza miadi wiki mbili mbele, akaniambia nilete kadi ya kliniki, kikopo chenyewe na madaftari ya shule. Nitachukua lile la Kiswahili, ambalo kila mstari wake huanzia katikati ya ukurasa. Mwanangu nimemwambia kwamba tutakwenda kwa mtu atakayecheza naye kwa vibao na maswali ili tujue namna ya kumsaidia kusoma. Ameuliza kama basi litapita Witu kwa mwalimu.