Zamu ya kununua vinywaji: je, anayekunywa soda anunue raundi nzima?

Mgeni wa Mafinga:
Wakubwa zangu, shikamooni. Nimehamia Mafinga kikazi tangu mwaka jana, na kila Ijumaa jioni tunakaa watu sita meza moja, kila mmoja akizungusha raundi kwa zamu. Mimi sinywi pombe. Ijumaa iliyopita nilikunywa soda mbili, ya tatu nikaitia mfukoni mwa koti kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa, na zamu yangu ilipofika nililipia bia nne pamoja na chupa ya pombe kali ya mwenzetu mmoja, ambaye hakuwa ameiagiza katika zamu ya mtu mwingine yeyote. Je, nikiomba kujilipia mwenyewe nitaonekana ninaringa?

Mzee wa Kihesa:
Marahaba, kijana wangu, na kamwene, kwa salamu ya kwetu. Sisi kilabuni hatukuhesabu chupa, kwa kuwa hazikuwapo. Msimu wa mvua mwanzi mchanga hugemwa, ulanzi, yaani pombe ya mwanzi, ukadondokea kwenye mbeta, chombo cha kukingia, ukaja kupimwa kwa lita. Na lita moja ilizunguka benchi zima, kila mtu akipiga mafunda mawili matatu kisha akimpa wa pembeni yake. Aliyependa mtogwa, ambao bado ni mtamu, alisema mapema, na mpenzi wa mkangafu, yaani uliochacha ukawa mkali, alisubiri lita inayomfaa. Mnunuzi hakujua nani amekunywa zaidi, wala hakuuliza. Bia imeharibu utaratibu huo, maana kila mtu ana chupa yake mbele yake na bei yake inajulikana.

Hata hivyo usijitoe. Zungusha raundi ya kwanza wewe, kabla watu hawajachangamka na kuanza kuagiza vitu wasivyovinunua kwa fedha zao. Huyo wa pombe kali ana tabia yake tu, asisingizie mila.

Mtu wa Tukuyu:
Mzee amesema vema kuhusu fedha, lakini tumbo la kijana bado halijapata dawa. Watu sita wakizungusha kila mmoja mara moja, maana yake ni vinywaji sita kwa kila mtu, hata kwa yule aliyeingia akitaka kimoja. Waingereza waliliona jambo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: mwaka 1915 serikali yao ilikataza watu kununuliana pombe baa, isipokuwa pamoja na chakula, kwa kuogopa kwamba ulevi ungedhoofisha kazi za vita viwandani. Sisemi tufike huko. Sema tu, "Raundi hii niruke," mapema, kabla mhudumu hajafungua chupa. Kwetu hakuna anayekasirika.

Mgeni wa Mafinga:
Nawashukuru sana. Ijumaa hii nitaanza mimi, na mhudumu nitamwambia kabla sijakaa kwamba ninalipia bia tano na soda moja, basi. Koti nimeshalifua, ile soda ya tatu ilimwagikia humo humo mfukoni nikiwa kwenye bodaboda.