Tupeane uzoefu: Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, kabla hujafunga safari

Mkwaju Mkavu
Ndugu zangu, ile picha ya Lengai, mlima wa volkano wa kaskazini mwa Tanzania, iliyopita humu jana imezua maswali, na wengi wanadhani kileleni kuna theluji. Si theluji. Ni lava na majivu yaliyopauka. Naomba kila anayeujua ule ukanda aweke hapa anachokijua, kwa faida ya anayekwenda mara ya kwanza Ngaresero, kijiji kilicho kati ya mlima huo na Ziwa Natron.

Naanza na ya msingi. Kilele kiko mita 2,962 na njia inaanzia bondeni, kwa hiyo mtu anapanda zaidi ya mita 1,600 kwa usiku mmoja. Hakuna kibanda wala chemchemi njiani. Kambini mnaondoka kwa gari kama saa 5 usiku, mnaanza kutembea saa 6, ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano kileleni, mnaufikia alfajiri, kisha mnarudi kwa njia ileile. Usiku huchaguliwa kwa sababu moja tu: jua. Mlima hauna mti wa kujibanza.

Tairi la Akiba
Umenikumbusha ile barabara. Kila aliyekwenda Samunge 2011 kunywa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kwa kupitia huku anaijua vumbi yake. Kutoka Mto wa Mbu unapita Selela, Engaruka, unauacha mlima mkono wa kushoto, unaingia Ngaresero. Jaza mafuta Mto wa Mbu, tena kamili. Beba matairi mawili ya akiba, maana mawe ya volkano yanachana tairi ubavuni, na ubavu hauzibiki. Hewa ya tairi ipunguzwe kidogo kwenye mchanga, na pampu iwe ndani ya gari.

Makorongo ndiyo yanayokwamisha watu. Machi hadi Mei korongo linaonekana kavu asubuhi, mvua inanyesha huko milimani usikokuona, jioni maji yanafika kifuani. Ukilikuta limejaa, zima gari, subiri. Maji ya korongo hushuka upesi kama yalivyopanda. Anayelazimisha ndiye anayelala juu ya boneti.

Kuna mageti ya ushuru zaidi ya moja njiani, kwa sababu unapita halmashauri tofauti. Beba taslimu, dai stakabadhi kila geti, na uzitunze hadi unapotoka.

Wa Ongata
Kwa wanaotoka Nairobi: Namanga, mgonge muhuri, kisha Longido, halafu mkunje kulia kuzunguka mlima Gelai. Msidanganywe na ramani ya simu inayowaonyesha Shompole, upande wa Kenya, iko hapo tu karibu na ziwa. Karibu kwa ndege wa angani, si kwa gari.

Mlinda Njia
Mimi nataka kuzungumzia kushuka, kwa sababu watu wote wanaulizia kupanda.

Saa mbaya kuliko zote katika mlima ule ni kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi. Mpandaji amefika juu, amepigwa na upepo wa baridi, jasho limemgandia mgongoni, amepiga picha, anaamini kazi imekwisha. Kisha anageuka na kuona kwa macho kile alichokipanda gizani. Ubavu umesimama kiasi kwamba hauoni njia yote, unaona hatua kumi kisha tambarare iliyoko chini kabisa. Hapo wengi hukaa chini, miguu inatetemeka, hawataki kuinuka.

Majivu yaliyoshindiliwa na mvua huwa magumu kama sakafu ya saruji, na juu yake imetandazwa changarawe laini. Ukikanyaga kwa unyayo wote unateleza kama mtama juu ya sinia. Ukiegemea nyuma kwa woga, ndiyo unaondoka kabisa. Namna yake ni hii: kaa kiubavu, piga kisigino, kunja goti, uzito mbele kidogo, mkono wa upande wa mlima uguse ardhi. Glavu ngumu ni lazima, maana gamba la majivu linakwangua viganja kama msasa. Palipokata mfereji mkubwa, shukeni mmoja mmoja, na aliye juu asubiri wa chini atoke pembeni. Jiwe likiponyoka, piga kelele "jiwe!" hata kama ni dogo. Kofia ngumu ivaliwe wakati huo, isining'inie kwenye begi.

Halafu maji. Mtu anahesabu lita mbili, anazimaliza akipanda. Saa 3 jua limeshika ubavu wote, miamba inarudisha joto, na gari liko chini mwendo wa saa mbili tena. Hapo ndipo kichefuchefu kinaanza, mtu anakaa kila hatua ishirini, wenzake wanamgawia maji yao, na kundi zima linaishiwa. Lita nne kwa kila mtu, na moja kati ya hizo isiguswe mpaka mnapogeuka kushuka. Chumvi kidogo na sukari ndani ya chupa moja vinasaidia.

Tena muwe na saa ya kugeuka, mkubaliane kambini kabla ya kulala. Saa 10 alfajiri kama hamjavuka nusu, mnarudi, awe amelipa kiasi gani.

Njiwa wa Tanga
Magoti. Sitaongeza neno.

Mkwaju Mkavu
Asante sana Mlinda Njia. Vipi viatu?

Mlinda Njia
Buti linaloshika kifundo, lililokwisha kuvaliwa. Soli za gundi hubanduka mle, kwa hiyo beba vipande vya mpira wa tyubu vya kufungia. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele maelfu ya mara, kucha ndefu inang'oka. Soksi kuukuu iliyokatwa mguu, ukiivuta juu ya mdomo wa buti, inazuia changarawe isiingie.

Tochi Mbili
Nendeni mbalamwezi ikiwa kamili. Unaona mbele, huhitaji tochi ya kichwani muda wote.

Mpenda Giza
Hapana. Nendeni mwezi ukiwa haupo. Lava ya Lengai ni ya magadi, ina nyuzi kama 500 hadi 600 tu za Selsiasi, wakati lava ya volkano nyingine nyingi hupita 1,000. Mng'ao wake ni hafifu, mwezi ukiwaka huuoni.

Tochi Mbili
Anayekwenda kuona mng'ao ni nani, na anayekwenda kurudi salama ni nani? Siku nyingine hakuna lava inayoonekana kabisa.

Mlinda Njia
Dada Tochi, kaka Mpenda Giza, nyote mna hoja, lakini upepo na mawingu ndivyo vinavyoamua. Nawaombeni sana jambo moja: hiyo lava mchana inaonekana nyeusi kama oili chafu, na inatiririka kama maji. Mtu anadhani ni tope. Ikipoa inapata unyevu wa hewa na kugeuka nyeupe, ndiyo hiyo "theluji". Weupe wake si dalili kwamba chini ni pagumu. Kabla ya mlipuko ulioanza Septemba 2007 kreta ilikuwa imejaa, watu wakitembea juu yake. Mlipuko uliitoboa ikawa shimo la kina kirefu, kuta zimesimama, ukingo mwembamba, hakuna uzio. Kaa mbali na mdomo, usisogee kwa ajili ya picha. Moshi ukigeukia kwenu, hamieni upande mwingine dakika hiyo hiyo. Vumbi likiingia jichoni usifikiche, lina magadi. Osha kwa maji mengi. Wenye lenzi za machoni wavae miwani.

Ndugu Msomaji
Natron si ndiko ndege wanageuka jiwe wakigusa maji? Niliona picha.

Mama Heroe
Tafadhali sana, hilo tulizike leo. Picha zile zilizosambaa 2013 ni za ndege waliokwisha kufa. Mpiga picha aliokota mizoga iliyokaushwa na magadi ufukoni, akaiweka kwenye mkao wa kama hai. Heroe wadogo (aina ya flamingo) wanaishi mle. Natron ndiyo mahali pao pakuu pa kuzaliana Afrika Mashariki yote, na wanapachagua kwa sababu ya ukali wa maji hayo: fisi na mbweha hawavuki tope lile. Wanajenga vichuguu vya tope, yai moja kila kimoja. Maji yakipanda sana viota vinazama, yakishuka sana adui anapita pakavu. Mto Ewaso Ng'iro unaotoka Kenya unaingia humo, kwa hiyo linalofanyika juu kule linafika kwenye viota.

Ndugu Msomaji
Basi naweza kuogelea?

Mama Heroe
Hapana mwanangu. Usiingie hata kwa miguu. Gamba la magadi ufukoni linaonekana gumu, linakatika, chini yake tope linalochoma ngozi. Likikupata, osha papo hapo kwa maji safi. Nenda ufukoni saa 12 asubuhi, saa 3 uwe umeondoka. Na msiwafukuze ndege ili waruke mpigie picha.

Tairi la Akiba
Wa kuogelea waende kwenye maporomoko ya mto Ngare Sero, mwendo mfupi ndani ya bonde lake, maji matamu. Viatu vya kulowa, maana unavuka mto mara kadhaa. Mvua ikinyesha juu, msiingie bondeni humo.

Wa Ongata
Nyayo je?

Mama Heroe
Nyayo za Engare Sero ziko kusini mwa ziwa, zaidi ya 400, za watu waliopita juu ya majivu mabichi maelfu ya miaka iliyopita. Vua viatu au simama pembeni kama mwenyeji atakavyoelekeza. Usizimwagie maji ili zionekane vizuri kwenye picha, zinaliwa hivyo. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kivuli kinazichora chenyewe.

Tochi Mbili
Na ukirudi simama Engaruka. Matuta ya mawe na mifereji ya wakulima wa kale, vijana wa kijiji wanatembeza. Tenga muda wa saa mbili.

Mpenda Giza
Bado nasema mwezi usiwepo.

Njiwa wa Tanga
Mlinda Njia, anayeumia goti akiwa katikati anashushwaje?

Mlinda Njia
Kwa mikono, dada. Machela haishiki ule ubavu. Watu wawili, mmoja chini yake akimwekea mguu mahali pa kukanyaga, mmoja juu na kamba kiunoni, hatua kwa hatua. Wakati mwingine hadi saa nane mchana. Ndiyo maana kundi la watu sita liwe na waongozaji wawili, si mmoja, na kamba ya mita ishirini iwe kwenye begi la aliye nyuma.