Naomba ushauri: usafi wa majumbani, nichaji kwa chumba au nikaone nyumba kwanza?

Habari zenu wakuu, niko Dar, mimi na mdogo wangu tunataka kuanza kusafisha nyumba za watu hasa zile mtu anahamia, maana huku Goba na Kinyerezi nyumba zinaota kila siku na fundi akimaliza anaondoka anaacha rangi na simenti imeganda kwenye marumaru. Kusajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na TIN, namba ya mlipakodi ya TRA (mamlaka ya mapato), tunafuatilia, hapo sina shida.

Shida ni bei. Mteja anapiga simu anasema "vyumba vitatu tu", ukifika jiko lina mafuta yamegandia ukutani, nyavu za madirisha hazijawahi kuguswa, na anataka na sofa zioshwe humo humo kwenye hela ile ile. Mnafanyaje? Na nauli ya kwenda kuangalia nani analipa?

Mashine ya sofa ninunue au nikodi kwanza? Halafu wadada wa kazi, nawalipa kwa siku au kwa nyumba, na kitu kikipotea kwa mteja mnamalizaje? Cha kwanza nitakachowafundisha ni wasichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, ile gesi ya klorini sio mchezo kabisa. Wazoefu mwageni madini.