Tupeane uzoefu: masharti ya UVIKO-19 yalikuwa sheria au ushauri?

Muuza samaki, Mtwara Mjini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, salaam kwenu nyote.

Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Mei 2020. Wakati ule nilikuwa nauza samaki wa kukaanga, na asubuhi moja mgambo wawili walinisimamisha sokoni kwa kuwa sikuvaa barakoa. Barakoa nilikuwa nayo, lakini ilikuwa imelowa maji ya samaki, nami nilikuwa nimeianika kwenye ukingo wa beseni. Waliniambia kwamba nimevunja sheria, na kwamba nitoe shilingi 10,000 au nifuatane nao. Nilitoa, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda na samaki walikuwa bado wabichi. Nilipewa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, kimeandikwa jina langu na kiasi nilichotoa, bila mhuri, bila namba ya malipo na bila kifungu cha sheria yoyote.

Sisemi kwamba barakoa ilikuwa jambo baya. Mwaka ule nilimzika shemeji yangu aliyefariki akihangaika kupumua, na tangu hapo sikuhitaji mtu wa kunihimiza. Ninachouliza ni kingine: asubuhi ile nilivunja sheria, au nilikuwa sijafuata ushauri?

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa hapa kwetu Ruangwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko. Tangazo hilo nililisikia mwenyewe redioni. Baada yake yakaja mengine ya mkoa, ya wilaya, ya kata, ya soko na ya gari lenye vipaza sauti, na kila moja liliitwa agizo. Hatukufungiwa ndani kama ilivyokuwa kwa baadhi ya majirani zetu, lakini wapo waliozuiwa, waliotozwa na waliofukuzwa. Kila mwenye kisa chake aeleze aliambiwa nini, na nani, kwa karatasi gani, na kilimgharimu nini. Tusitaje majina ya maofisa wala ya ofisi.

Mama wa Newala

Dada, kisa changu ni cha unyago. Kwa kawaida huku kwetu watoto huingizwa wakati wa likizo ya Juni au ya Desemba, lakini shule zilipofungwa ghafla mwezi Machi, wazee wa ukoo wetu waliona kuwa nafasi imejileta yenyewe. Tulichukua kibali cha ngoma kwa mtendaji kama tunavyofanya kila mwaka, tukachangishana, tukanunua mchele na mbuzi wawili, na makungwi wakawachukua wari sita, yaani watoto wanaofundwa, akiwamo binti yangu wa kwanza.

Siku tatu kabla ya kuwatoa, tuliambiwa kwamba kibali kimefutwa. Mjomba wa watoto, ambaye ndiye mwenye neno katika mambo haya, alikwenda kuuliza kwa heshima kama kuna waraka. Alichooneshwa ni simu yenye ujumbe wa sauti uliotumwa katika kundi la WhatsApp, sauti ya mtu asiyejitaja jina wala cheo, anayesema kuwa ngoma zote ni marufuku na kwamba atakayekaidi atalala ndani. Mjomba ni mtu mzima, aliwahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji, na alirudi nyumbani akiwa na huzuni kuliko hasira. Alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kutii sauti isiyo na mwenyewe, lakini wari ni watoto wa watu na hawezi kuwatia hatarini kwa ajili ya kushindana.

Basi walitoka wawili wawili, alfajiri, bila ngoma wala vigelegele, kila mmoja akapelekwa kwa mama yake. Mchele tuligawana. Mbuzi mmoja alirudishwa kwa hasara, na wa pili alichinjwa kimyakimya. Binti yangu sasa ni mkubwa, na mpaka leo, wenzake wanaposimulia walivyotolewa, yeye hunyamaza. Ninaamini kwamba kuzuia mkusanyiko ule kulikuwa sahihi kwa afya zetu, na tungeukubali uamuzi huo kwa moyo mweupe kama mtu mwenye cheo chake angekuja kukaa nasi barazani akatueleza. Kilichotuumiza ni kwamba wakati huohuo msikitini watu walisali na kanisani watu walikusanyika, nasi hatukuelezwa tofauti iko wapi.

Karani mstaafu, Lindi Mjini

Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani kwa miaka mingi. Mimi si wakili, lakini majalada niliyoyapitia yamenifundisha kuuliza swali moja kabla ya yote: kosa hili limeandikwa wapi?

Mama wa Newala, tofauti uliyoiona ilitoka kwa waliotangaza masharti, kwa sababu nyumba za ibada hazikufungwa na Rais mwenyewe alilisema hilo hadharani mwezi Machi mwaka ule. Kama tofauti hiyo ilikuwa ya haki ni mjadala mwingine. Swali la dada muuza samaki ndilo lenye uzito zaidi kisheria, nami nitalijibu kwa kirefu.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho wakati anakitenda hakikuwa kosa chini ya sheria. Ibara ya 30(2) inakubali kwamba haki zetu zinaweza kuwekewa mipaka kwa ajili ya mambo kadhaa, na afya ya jamii imetajwa humo, lakini mipaka hiyo huwekwa na sheria iliyotungwa. Ipo pia ibara ya 32, inayomruhusu Rais kutangaza hali ya hatari, na tangazo hilo hupelekwa bungeni, ambako huhitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge. Mwaka 2020 hali ya hatari haikutangazwa.

Haimaanishi kwamba serikali haikuwa na nguvu yoyote. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa wa afya mamlaka ya kweli juu ya magonjwa ya kuambukiza, ikiwa ni pamoja na kumtenga mgonjwa, na Kanuni ya Adhabu inalihesabu kuwa ni kosa kufanya kwa uzembe jambo linaloweza kueneza ugonjwa unaohatarisha maisha. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wanaweza kuamuru mtu awekwe mahabusu kwa muda usiozidi saa 48 kwa mujibu wa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, lakini wanatakiwa kuandika sababu, na hakuna mahali sheria hiyo inapowaruhusu kubuni kosa jipya au kutoza faini ya papo kwa papo. Halmashauri nazo hutunga sheria ndogo zenye faini, ila lazima ziidhinishwe na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo, dada, kama soko lako lilikuwa na sheria ndogo inayodai barakoa, mgambo wale walipaswa kukutajia, na shilingi 10,000 zako zingelipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Karatasi ya daftari si stakabadhi. Kwa hayo uliyoyaeleza, hukutozwa faini, ulichukuliwa fedha.

Nataka niongeze kisa cha mbali kinachonigusa sana. New Zealand iliwaambia watu wake wabaki nyumbani kuanzia mwishoni mwa Machi 2020, na nchi ile ilisifiwa duniani kote. Hata hivyo raia mmoja alikwenda mahakamani, na tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama Kuu ikasema kwamba kwa siku tisa za mwanzo takwa lile la kubaki nyumbani lilikuwa la lazima kwa ajili ya maradhi na lilikuwa na sababu nzuri, lakini halikuwa na msingi wa sheria mpaka amri iliyoandikwa ilipotolewa tarehe 3 Aprili. Mahakama haikumkejeli aliyeuliza, na serikali haikuona aibu kuulizwa. Hapo ndipo ninapotamani tufike.

Mzazi, Mikindani

Kwa ufupi, kaka Karani, hata Uingereza mambo yalichanganyika. Binti yangu alikuwa akisoma huko. Waziri Mkuu wao, Boris Johnson, aliwatangazia kwenye televisheni tarehe 23 Machi 2020 kwamba wabaki nyumbani, lakini kanuni zenyewe zilianza kutumika England tarehe 26. Kukaa umbali wa mita mbili kulikuwa mwongozo tu, wakati kutoka nyumbani bila sababu ya msingi kulikuwa kosa. Binti alikuwa ananipigia simu akiniuliza mimi, niliyekaa Mikindani, kama anaweza kwenda kununua unga.

Mchuuzi wa Nanyumbu

Mimi nina ndugu pande zote mbili za Mto Ruvuma, na biashara yangu ilikuwa ya kuvuka Daraja la Umoja kwenda Msumbiji. Wenzetu wa Msumbiji walitangaziwa hali ya dharura na Rais Nyusi, Bunge lao likaiidhinisha, na ikaanza tarehe 1 Aprili 2020. Shemeji yangu wa ng'ambo alikuwa analalamika kuhusu masharti yale, lakini aliyajua yanaanza lini na yanakwisha lini, kwa sababu kila baada ya muda ilibidi yaidhinishwe upya.

Kwa upande wetu nilirudishwa mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa ni korona. Mara ya pili niliambiwa ni usalama, na hilo nililielewa, maana mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yalikuwa yamepamba moto na mpaka ulikuwa na ulinzi mkali. Mara ya tatu niliuliza sababu, nikajibiwa kwamba sababu naijua. Nilikuwa na magunia manne ya vitunguu, yakaozea kwa jamaa aliyenihifadhia. Ningekubali kabisa kurudishwa kwa maandishi, kwa sababu kwa maandishi ningejua kama nisubiri wiki moja au niuze palepale kwa bei ya hasara.

Muuguzi, Kilwa

Naomba nitoe upande ambao haujasemwa, na kaka Karani aniwie radhi, kwa sababu sikubaliani naye katika kila jambo. Sisi tuliokuwa zahanati tulichoka na swali la "ni lazima?" Mtu anakuja na kikohozi, nanyoosha mkono kumwonesha ndoo ya maji tiririka na sabuni, naye ananiuliza kama ni sheria. Nikimwambia ni ushauri wa kitaalamu, anapita bila kunawa. Kuna bibi mmoja niliyemhudumia ambaye alikuja na wajukuu watano ndani ya chumba kimoja, na sikuwa na kifungu cha kuwatolea nje, nilikuwa na sauti yangu tu.

Julai 2021 zilipokuja dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen kutoka Marekani, serikali ilisema wazi kwamba chanjo ni hiari. Neno hilo lilinisaidia kuliko maagizo yote ya mwaka uliotangulia. Mtu akijua kwamba hatashikwa, anakaa anauliza: itanidhuru, inafaa kwa mwenye kisukari, mbona naambiwa hivi na vile. Nilikaa na watu kama hao chini ya mkorosho nyuma ya zahanati mpaka jioni. Si wote waliochanja, lakini waliokataa walirudi kwangu walipougua, hawakujificha. Mwaka 2020 walijificha, kwa sababu walisikia kwamba ukikutwa na homa unachukuliwa kwenda karantini kwa gharama zako, jambo ambalo lilitangazwa kwa wasafiri waliokuwa wakitoka nchi zilizoathirika wala halikuwahusu wao.

Karani mstaafu, Lindi Mjini

Dada Muuguzi, nimekusoma mara mbili, na ninakubali. Niliyaandika yale nikiwa namfikiria mtu anayetozwa, nikamsahau anayejificha.

Mtendaji wa kijiji wa zamani, Nachingwea

Nimesita siku mbili kabla ya kuandika, kwa kuwa mimi nilikuwa upande wa wale mnaowalalamikia.

Nilipigiwa simu usiku nikaelekezwa kwamba kuanzia kesho gulio lisifanyike na atakayepanga biashara atozwe. Niliomba waraka, nikaambiwa utafuata. Asubuhi nilikwenda na mgambo, na kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuja na mihogo na kuku wao kutoka mbali, baadhi yao kwa miguu, hawakuondoka. Nilitoza watu tisa shilingi 5,000 kila mmoja. Niliyaandika majina yao kwenye daftari, dada muuza samaki, karatasi kama ile uliyopewa wewe, maana kitabu cha stakabadhi hakikuwa na mahali pa kuandika kosa lile na mimi mwenyewe sikujua niliite nini.

Waraka haukuja. Fedha zile sikuzila na sikuwa na pa kuzipeleka, kwa kuwa kila niliyemuuliza aliniambia nisubiri. Mwezi Julai, shule zilipokuwa zimeshafunguliwa na gulio limerudi, nilianza kuzirudisha mkononi, mtu kwa mtu, nikieleza kwamba niliwatoza kwa jambo ambalo sikuweza kuwaonesha maandishi yake. Wawili walikataa kupokea wakisema yameisha. Mmoja alikuwa amefariki, nikampa mkewe. Mzee mmoja wa njia ya kwenda Liwale, aliyekuwa na kuku watatu ndani ya tenga, sikumpata tena hata nilipokwenda kuulizia kwao, na 5,000 yake imo ndani ya lile daftari mpaka leo.