Naomba ushauri: nimezuiwa kuweka mbao nje kwenye kiwanja changu cha viwanda

Habari zenu wakuu. Nina karakana ya mbao hapa Mbeya, na hati yangu inasema wazi matumizi ni viwanda vidogo. Mzigo unatoka Mafinga, misindano mibichi inayochuruzika maji. Ukiibananisha stoo bila hewa, inaota ukungu wa bluu na mteja haigusi. Kwa hiyo naipanga uani, matofali chini, vijiti katikati ya kila safu ili upepo upite. Ndivyo mbao inavyokauka.

Wiki iliyopita nimepewa barua: kuhifadhi mali nje ni matumizi yasiyoruhusiwa, niondoe ndani ya siku 14. Jirani alilalamikia vumbi na hatari ya moto. Kwa moto namwelewa kabisa, rundo moja liliegemea ukuta wake na nimeshalisogeza. Ila kuondoa zote ni kufunga kazi, na nina vijana 6 wanaonitegemea.

Najua chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 huwezi kubadili matumizi ya kiwanja bila kibali. Swali langu: kuanika mbao za karakana hiyo hiyo ni kubadili matumizi kweli, au ni sehemu ya kiwanda? Niombe kibali kipya, au nijibu barua kwa maandishi nikiambatanisha hati na mchoro wa uzio na njia ya gari la zimamoto?

Aliyewahi kupitia hili anisaidie, hasa wenzangu wa Iringa na Njombe. Siku zimebaki 8.