Naomba ushauri: ninunueje viatu bila kumuumiza aliyevishona?

Wadau, habari zenu. Nimefunua ulimi wa kiatu changu, kilebo kinasema kimetengenezwa Vietnam. Huko huko, mwaka 1997, ilivuja ripoti ya ukaguzi wa kiwanda kilichotengenezea Nike viatu: wafanyakazi walivuta mvuke wa tolueni, kemikali ya kwenye gundi, kupita kiwango cha sheria. Mwaka 1998 bosi wa Nike, Phil Knight, aliahidi hewa safi na umri wa kuajiriwa kwenye viwanda vya viatu usiopungua miaka 18. Mshahara hakuugusa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikisusa, naogopa yule mshonaji ndiye atakayepunguzwa kazini. Nikinunua, nanyamazia. Aliyewahi kuwabana wauzaji hadi wakaeleza malipo ya kiwandani, alianzaje? Aliuliza nini hasa?